Maji Hayo Anayachota Nani?

Julai ya mwaka juzi, ndugu yetu mmoja anayeishi Marekani alirusha kwenye kundi la familia la WhatsApp ujumbe mrefu wa afya. Ulikuwa ujumbe wa nia njema, umetafsiriwa na mashine, na kosa lake kubwa lilikuwa kuiita Julai "mwezi wa joto kali". Kunywa lita tatu za maji kwa siku hata kama huna kiu, ulisema. Kaa kivulini kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Vaa nguo nyepesi. Usimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa vioo.

Wa kwanza kujibu alikuwa binamu yangu wa Mbulu mjini. Alituma picha: amejifunika mablanketi mawili, ameshika kikombe cha chai kwa mikono yote miwili. Huko kwetu Julai ni mwezi wa kutetemeka. Tukacheka, kila mtu akaweka kikatuni chake.

Wa pili alikuwa shangazi yangu, anayeishi Hanang, upande wa tambarare. Shangazi haandiki, yeye hutuma sauti. Alisema hivi: "Nimesikia, mwanangu, asante. Hizo lita tatu ni za kila mtu? Sasa maji hayo anayachota nani?" Nyuma yake jogoo akawika, sauti ikakatika.

Watu waliona ni mzaha. Kwangu swali lile limekataa kutoka. Nimelibeba ofisini, nimelibeba kwenye daladala, na kadiri ninavyoligeuza ndivyo ninavyoona kwamba si la afya peke yake. Ni swali la maadili: ukimwambia mtu afanye jambo la kumlinda, wewe uliyesema unabaki na jukumu gani?

Kwanza tuwekane sawa kuhusu majira. Mbulu na Hanang mwaka haugawanyiki mara nne kama kwenye vitabu vya Ulaya. Mvua hukata mwezi wa tano hivi, ikaja baridi na upepo wa Juni na Julai, halafu kuanzia Septemba jua linakaza kweli. Majani yanageuka rangi ya mchanga, vumbi linapanda hadi kwenye nyusi za ng'ombe. Oktoba na Novemba kila mtu anatazama Mlima Hanang, ule wa mita zaidi ya 3,400, kuona kama umevaa wingu. Hicho ndicho kiangazi chetu. Na jua la kwetu ni mara chache sana limuue mtu kwa kumpiga utosini kama tunavyosoma kuhusu miji ya Ulaya inapopata wimbi la joto. Linatufikia kwa kupitia kwenye maji. Vijito vinasinyaa, malambo yanakuwa tope, foleni kwenye pampu inaanza alfajiri watu wakiwa bado wamejifunga kanga kichwani kwa baridi.

Hebu tufanye hesabu ya shangazi. Nyumba yake ina watu saba. Lita tatu mara saba ni lita 21, yaani dumu zima na kata moja juu. Hiyo ni ya kunywa tu. Hujapika ugali, hujachemsha maharage, hujaosha vyombo, hujamnawisha mtoto, hujafikiria ndama. Ng'ombe mmoja wakati wa jua anamaliza dumu na bado anakutazama. Dumu la lita 20 lina kilo 20. Mwenye punda ana nafuu, asiye na punda ana mgongo wake. Na anayekwenda kisimani ni mwanamke au msichana, anatembea juani, anatoka jasho, anarudi na maji ambayo sehemu yake atayanywa ili kurudisha lile jasho alilolitoa kuyafuata. Ujumbe wa ndugu yetu haukumwona huyu. Ulimwona mtu mmoja amekaa karibu na bomba, tatizo lake pekee ni kusahau.

Hata "kaa kivulini" ina mambo yake. Kivuli cha nani? Ukitoka Katesh kwenda Basotu utapita kwenye uwanda mpana ambao miaka ya 1970 uligeuzwa kuwa mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Yalifika saba. Wafugaji wa Kibarabaig walikuwa wakiutumia uwanda ule kwa mpango wao wa kuhama na mifugo kufuata majani na maji, msimu huu hapa, msimu ujao pale. Sehemu walizozitegemea zaidi, zile zenye udongo mzito na majani mazuri, ndizo trekta lilizozipenda. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani miaka ya 1980, kikashinda Mahakama Kuu, halafu Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule. Silileti jambo hili kufufua kesi. Ninachosema ni kwamba mfugaji alikuwa na ushauri wake wa kiangazi kabla ya ujumbe wowote: jua likikaza, hama. Ulikuwa ushauri unaotekelezeka kwa sababu ardhi ilikuwepo ya kuuteketeleza. Ardhi ilipokatwa, ushauri ukabaki, lakini njia ikawa imefungwa. Kijana anayechunga mchana kutwa pembezoni mwa shamba la ngano anajua faida ya kivuli kuliko daktari yeyote. Anachokosa ni mti.

Lakini hayo ni nusu tu ya swali. Nusu nyingine iko kinywani mwangu.

Meno yangu yana rangi ya kahawia. Siyo yote sawasawa, yale mawili ya mbele yana mistari kama mtu aliyechora kwa chai ya rangi. Nimekua nikicheka mdomo ukiwa umefungwa. Nilipofika Dar es Salaam kusoma, mwenzangu wa chumba aliniuliza kwa upole kabisa kama huwa navuta sigara. Mwingine, bila upole, aliuliza kama kwetu mswaki umefika. Miaka michache baadaye nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya mapokezi mahali fulani, nikajibu maswali yote vizuri, mwisho mmoja wao akaniambia, "Unajua kazi hii inahitaji tabasamu." Sikuuliza ana maana gani. Nilitoka nikapanda daladala.

Kilichoniuma si kazi. Kiliniuma kwa sababu mama yangu alikuwa mtiifu. Kliniki walimwambia, mpe mtoto maji ya kutosha wakati wa jua, naye alinipa. Walimwambia chemsha, akachemsha. Nilikunywa maji yale ya tambarare kama nilivyofundishwa, na yale maji ndiyo yaliyoyapaka meno yangu rangi kabla hayajatoka kwenye ufizi.

Ni floraidi. Ukanda wetu wa Bonde la Ufa umejaa miamba ya volkano, Mlima Hanang wenyewe ni volkano iliyolala, na maji yakikaa muda mrefu ndani ya miamba ya namna hiyo hutoka na madini yake. Kidogo kinasaidia meno. Kikizidi, mtoto anaharibikiwa enameli wakati meno ya utu uzima yanajijenga, yaani tangu utotoni hadi karibu umri wa miaka minane. Kikizidi sana na kwa miaka mingi, kinaingia kwenye mifupa, viungo vinakakamaa, na wengine miguu inapinda. Arusha wanaijua habari hii, Kilimanjaro, Singida, na sisi wa Manyara pia. Haina rangi, haina harufu, haina ladha ya kukuonya. Na kuchemsha, jamani, hakuitoi. Mvuke unakwenda, floraidi inabaki sufuriani, imekolea zaidi. Mama alikuwa akiua vijidudu kwa moto uleule uliokuwa ukikoleza kitu kingine. Ongeza magadi tunayotia kwenye makande ili mahindi yaive upesi na kuni zisiishe, nayo huwa na floraidi yake.

Bibi mzaa baba aliishi juu, upande wa Kainam, kwenye milima ya Mbulu walikotokea Wairaqw wengi kabla ya kushuka kutafuta mashamba. Alikuwa na chemchemi chini ya nyumba yake. Alikufa na meno meupe, yote. Binamu zangu waliobaki juu wana meno ya bibi, sisi tulioshuka tuna meno ya kisima. Ukoo mmoja, damu moja, ushauri uleule wa kliniki, maji mawili.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe. Kadiri jua linavyokaza ndivyo mtu anavyokunywa zaidi, na kadiri anavyokunywa zaidi ndivyo floraidi inavyoingia zaidi. Wamarekani walilijua hili zamani. Mwaka 1962 walipoweka kiwango cha floraidi cha kuongezwa kwenye maji ya bomba, hawakutoa namba moja kwa nchi nzima. Walitoa kuanzia miligramu 0.7 hadi 1.2 kwa lita, kutegemea joto la mahali, na kwenye joto zaidi kiwango kilikuwa kidogo zaidi, kwa sababu huko watu wanakunywa sana. Kwa maneno mengine, waliihesabu kiu. Huku kwetu, kwa miaka mingi kiwango kilichovumiliwa kwa maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita. Kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Nilipoisoma ile 8 mara ya kwanza nilikasirika. Niliona kama mtu amekaa mezani akaamua meno yangu si kitu. Siku hizi nimepoa kidogo. Wangeweka 1.5 wakati ule, wangelazimika kufunga visima vingi bila kuwa na maji mengine ya kuwapa watu, na kiu inaua haraka kuliko mifupa kupinda. Ile 8 ilikuwa namba ya nchi iliyojipima uwezo wake. Lakini naona tofauti kati ya kusema "tunajua maji haya yana madhara, hatuna mengine kwa sasa, tusaidiane" na kumwambia mama "mpe mtoto anywe sana" ukanyamaza hapo. La kwanza ni uchungu wa pamoja. La pili linamwachia mama mzigo wote, na mtoto akikua anaulizwa kama kwao mswaki umefika.

Wanafalsafa, Kant akiwa mmojawapo, wameshikilia kwamba huwezi kumwambia mtu "inakupasa" kama hana uwezo wa kulitenda hilo jambo. Wajibu unaishia pale uwezo unapoishia. Naikubali hoja hiyo, ila naona inamtazama msikilizaji tu. Inamwondolea lawama shangazi asiyeweza kunywa lita tatu, vizuri. Vipi kuhusu msemaji? Aliyetoa ushauri usiotekelezeka amefanya nini hasa? Mimi nadhani amefanya jambo. Amehamisha lawama. Kabla ya ushauri, ukosefu wa maji ulikuwa tatizo la kijiji, la wilaya, la nchi. Baada ya ushauri umekuwa uzembe wa mtu: aliambiwa, hakusikia.

Tuliliona hili hata kwenye msiba. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaipiga Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Maiti hazijamaliza kutafutwa, tayari mtandaoni kuna mtu ameketi mahali pakavu anauliza, kwa nini walijenga pale? Kama vile viwanja hugawiwa kwa kuchagua kwenye kitabu cha picha. Swali la mahali pa kujenga ni la haki, na linapaswa kuulizwa, ila kuna la kumuuliza anayepima ardhi na kuna la kumuuliza mama anayechimbua tope kwa mikono. Hayakupaswa kuwa swali moja.

Mwezi wa kumi wa mwaka uleule wa ujumbe nilikwenda nyumbani. Nilikwenda na elimu yangu. Nilimsalimia shangazi, shikamoo, marahaba, nikala, halafu jioni nikamwita mkwe wake, mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, nikamweleza habari ya floraidi yote kama nilivyokueleza wewe msomaji. Nilikuwa makini kabisa. Nikamwonyesha meno yangu kwa tochi ya simu. Nikamalizia kwa kusema, yale maji ya pampu usimpe mtoto.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Basi nimpe nini?"

Sikuwa na jibu. Oktoba ile mahali pengine pa maji palikuwa lambo wanalokunywa ng'ombe. Kwa hiyo nilikuwa nimemwachia yule dada nini? Hofu. Usiku ule mtoto alilia kiu, nikamsikia mama yake akinyamaza kwa muda kabla ya kwenda kwenye mtungi. Ule ukimya mfupi niliuleta mimi. Kabla sijafika alikuwa akimpa mtoto maji kwa moyo mweupe. Baada ya mimi alimpa maji yaleyale kwa mkono unaotetemeka. Mimi na yule ndugu yetu wa Marekani tulikuwa tumefanana kabisa, tofauti ni kwamba mimi nilikwenda na nauli.

Kuna atakayesema: basi mnyamaze tu? Hapana, na hapa sitaki kujifurahisha kwa kuwasema washauri. Maneno matupu huokoa watu. Sukari vijiko vidogo sita, chumvi nusu kijiko kidogo, maji safi lita moja: maneno haya machache yamewarudisha watoto wengi wenye kuharisha kutoka mlangoni mwa kaburi, na mtu yeyote anaweza kuyasema kwa simu. Kumnawisha mtoto uso kunapunguza vikope, ugonjwa unaopenda vumbi na nzi. Kunyamaza kwa kuogopa kumlaumu mtu ni dhambi nyingine. Yule mama alikuwa na haki ya kujua, hata kama kujua kulimuumiza. Ila tazama vizuri hata huo mchanganyiko wa sukari na chumvi: neno gumu ndani yake ni "maji safi". Kila ushauri wa afya una neno moja ndani yake ambalo mtu mwingine lazima alifanyie kazi. Anayeshauri kwa haki ni yule anayelitafuta neno hilo na kuuliza linabebwa na nani.

Nchi hii iliwahi kujaribu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu, na baada ya kipindi kila kikundi kikajadili: sasa sisi hapa tufanye nini? Wakachimba vyoo kwa wingi wa kushangaza. Wazee wa kwetu bado wanakumbuka redio imewekwa juu ya kiti katikati ya duara kama mgeni wa heshima. Najua enzi zile zilikuwa na mabavu yake, watu walihamishwa vijijini kwa nguvu na sitaki kuzipaka asali. Lakini katika lile duara ushauri ulifika mahali penye watu wengi na majembe. Haukumkuta mtu peke yake na simu yake. Na serikali ileile ilikuwa imeahidi, mwaka 1971, kwamba katika miaka ishirini kila mtu kijijini angekuwa na maji safi mita zisizozidi 400 kutoka nyumbani. Ahadi haikutimia kwa wakati, hilo kila mwenye dumu analijua. Ila sikiliza lugha yake: anayedaiwa ndani ya sentensi ile ni nchi, na kiu ya raia ndiyo inayodai. Ushauri wa siku hizi umegeuza sentensi. Sasa anayedaiwa ni wewe, umekunywa glasi ngapi leo?

Kwa Wairaqw kuna sala ndefu ya kishairi iitwayo slufay. Mzee anaisema mbele ya mkusanyiko, anataja mvua, watoto, mifugo, nchi, na watu wanaitikia kwa pamoja. Nilizisikia nikiwa mdogo na nilizipuuza kama watoto wanavyopuuza. Siku hizi naona kwamba ile nayo ni hotuba ya afya ya msimu, kwa namna yake, na sijawahi kusikia ndani yake mtu mmoja akiambiwa ajitunze. Uzima unaombwa kwa wote au hauombwi. Sisemi sala inaondoa floraidi. Inayoondoa, kwa mfano, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao watafiti wa Ngurdoto kule Arusha wamekuwa wakiushughulikia kwa miaka: maji yanapitishwa kwenye mkaa ule, nao unaikamata floraidi, mpaka uchoke ubadilishwe. Njia nyingine ni maji ya mvua, ambayo hayajapita kwenye mwamba wowote.

Hiyo ya mvua ndiyo niliyoweza. Nilirudi mjini na aibu yangu, nikaweka akiba, mwezi wa pili nikatuma fedha. Wakaweka mfereji kwenye bati la nyumba ya shangazi na tangi la plastiki la lita 2,000. Nilitoa masharti kwa simu kama bosi. Mvua ya kwanza iacheni ioshe bati kabla hamjakinga. Tangi lifunikwe, mbu asiingie. Maji ya tangi ni ya watoto tu, wa chini ya miaka minane, kunywa na uji. Nyumba ina watoto watatu wa umri huo. Nilipiga hesabu: lita moja na nusu kila mtoto kwa siku, tangi likijaa mwezi wa tano litavuka kiangazi chote na kubaki. Niliifanya hesabu mara mbili. Nilifurahi sana, nikalala.

Septemba shangazi akapiga simu. Hakutuma sauti, alipiga mwenyewe, jambo ambalo kwetu maana yake ni msiba au fedha.

"Tangi limekauka, mwanangu."

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwuliza kama limetoboka, kama wakubwa wamekunywa, kama wamefulia. Akasema hapana, hakuna mkubwa aliyegusa, yeye mwenyewe anakunywa ya pampu kama zamani, "meno yangu hayana tena cha kuharibika." Kufuli la bomba analo yeye, amelitia kwenye ushungi.

"Sasa yamekwenda wapi, shangazi?"

Akaniambia kwamba yule mkwe wake alikuwa amewaeleza wenzake kisimani habari ya meno, yote, pamoja na ile ya tochi. Wakaanza kuja jioni na watoto. Wa jirani wawili, halafu wa nyumba ya pili, halafu mama mmoja wa Kibarabaig anayepita na ndama zake, ana mapacha. Kila mtoto kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, na cha kufungia apeleke nyumbani kwa ajili ya uji. Alikuwa akiwahesabu. Walifika kumi na wanne.

"Ulisema ni ya watoto wa chini ya miaka minane," akasema. "Hukusema wa nani."

Nilibaki na simu sikioni. Nje daladala zinapiga honi, huko kwake nasikia upepo na mtoto anakohoa. Akaniuliza mvua inaanza lini, kama vile mjini ndiko inakopangwa. Nikamwambia mamlaka ya hali ya hewa bado hawajatoa utabiri wa msimu. Akasema sawa, na akaniuliza tangi la lita 5,000 linauzwaje.